Siku Mbili Bagamoyo



Nimepewa dakika chache nieleze safari ya siku mbili niliyofanya Bagamoyo pamoja na rafiki yangu, mweka hazina wa kamati yetu ya parokia. Ni mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, na mji wenyewe unazungukika kwa miguu. Magofu ya Kaole, Boma la Wajerumani na soko la samaki sitayaeleza. Mkienda mtayaona, na samaki mtawala. Nitasema juu ya misheni.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar. Kanisa lao la mwaka 1872 limebakiza mnara, nao unaitwa Mnara wa Livingstone. Lakini Dk. Livingstone hakuuona akiwa hai. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chifu Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa vitambaa na gome la mti, kisha wakaubeba. Wanawake pia walikuwemo, kama Halima aliyekuwa mpishi. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, ofisa mmoja wa Kiingereza, Cameron, aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, baada ya zaidi ya kilomita 1,500.

Kutoka hapo mwili ulivushwa kwenda Zanzibar, kisha Uingereza. Katika msafara ule wote, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri nao hadi mazishi ya London, Aprili 18, 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha.

Rafiki yangu alisimama chini ya mnara akauliza, "Mbona una jina la aliyebebwa?" Sikuwa na jibu, na kusema kweli nilikuwa nawaza chakula cha mchana.

Tukiwa ndani ya basi kurudi alitoa mkobani taarifa ya madarasa mawili tuliyomaliza kujenga. Ukurasa wa kwanza una majina ya wafadhili, na ni haki yao, maana bila wao tusingepata bati wala saruji. Wa pili una wageni wa siku ya uzinduzi. Akina mama waliosomba maji na mchanga kwa miezi mitatu, na vijana waliofyatua matofali, wamepata maneno matatu tu: "nguvu za wananchi".

Wafadhili mliopo hapa mmewahi kutuuliza mara nyingi fedha zimetumikaje. Sikumbuki kuulizwa ni nani aliyebeba maji. Mweka hazina wetu anayo orodha hiyo, imeandikwa kwa penseli kwenye daftari la mahudhurio, watu 46. Ameniagiza niulize kama fomu ya taarifa ya robo mwaka inaweza kuongezewa ukurasa mmoja wa majina hayo. Basi nauliza, na daftari ninalo hapa.