Wasia wa Mwenye Mifugo na Mwenye Nyumba: Hotuba kwa Watu wa Lodwar na Kakuma



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mali ya mtu aliyekufa. Najua ya kuwa wazee wengi hawapendi kulitaja jambo hili, kwani huona kwamba kuandika wasia ni kukiita kifo nyumbani. Lakini mwenye wake wawili huwatengea mbuzi wao angali hai na mwenye nguvu, wala hakuna asemaye kuwa anajitakia mauti. Wasia ni kazi ya namna iyo hiyo, ila hufanywa kwa karatasi.

Katika mazungumzo ya kila siku, wasia ni maneno ya mwisho ya mzee kwa wanawe: pendaneni, msigombane, mtunzeni mama yenu. Ni maneno mema, lakini mahakama haiwezi kuyagawanya. Wasia wa sheria hutaja mali, na hutaja mtu wa kuipokea.

Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Mwaka uo huo lilitoka tangazo la Serikali lililotaja wilaya kadha, na Turkana ilikuwa mojawapo. Katika wilaya hizo, mtu akifa bila wasia, mifugo yake, pamoja na ardhi ya kilimo na mazao yaliyomo, hugawanywa kwa desturi ya kabila lake. Lakini fedha za benki, duka, gari, au nyumba ya mabati mjini Lodwar hufuata Sheria. Basi maiti ni mmoja na sheria ni mbili. Ndugu waliokwisha kugawana ngamia chini ya mti hushangaa wakiambiwa waende mahakamani kwa ajili ya akiba ya benki. Tena Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba desturi isiyopatana nayo ni batili; kwa hiyo binti aliyenyimwa aweza kuishtaki desturi yenyewe mbele ya hakimu.

Mwenye wake wengi na aangalie sana. Kwa Waturkana kila mke ana nyumba yake, ekol, na mifugo iliyotengewa nyumba hiyo hurithiwa na wana wa mama yule. Sheria nayo hugawa kwa nyumba, lakini huhesabu vichwa: watoto wa kila nyumba, na mama yao kama mtu mmoja zaidi. Mke wa kwanza akiwa na watoto 6, nyumba yake ni watu 7. Wa pili akiwa na watoto 2, nyumba yake ni watu 3. Akiba ya shilingi 1,000,000 itakwenda 700,000 huku na 300,000 kule. Mume aliyetaka nyumba zake zilingane na aandike hivyo, maana asipoandika hazitalingana.

Mwenye mke mmoja na watoto, akifa bila wasia, vyombo vya nyumbani huwa vya mjane kabisa. Mali iliyosalia mjane hupewa kwa haki ambayo nimehangaika sana kuitafutia Kiswahili: ataitumia maisha yake yote, lakini si yake kuigawa apendavyo. Baadaye watoto hugawana sawasawa, wa kiume na wa kike.

Sasa nafika kwenye jambo lenye machozi mengi. Kwa desturi, mwanamke ambaye mahari yake haijakwisha kulipwa hahesabiwi kuwa ameolewa hasa, na watoto wake ni wa baba yake yeye mama. Hivyo mtu aweza kukaa na mwanamke Kakuma miaka mingi, wakazaa, naye akafa ghafula. Kesho yake ndugu waja kuchukua mbuzi, na mama anaambiwa arudi kwao. Sheria humtambua mtoto ambaye baba alimkubali kuwa wake, lakini kukubali huko kwahitaji ushahidi, na aliyekubali yu kaburini. Basi wewe uliye hai, mwandike mwanamke huyo kwa jina lake, na kila mtoto kwa jina lake. Mifugo pia yaweza kutolewa kwa wasia.

Mwislamu hufuata sheria ya dini yake, na wasia wake kwa wasio warithi hauzidi theluthi moja. Mkimbizi aliyeko Kakuma hawezi kurithisha ardhi ya kambi, lakini bidhaa za duka na akiba yake aweza. Na ikiwa jamaa zake wako nchi nyingine, ataje waliko.

Namna ya kuandika si ngumu. Uwe mtu mzima mwenye akili timamu, utie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili. Shahidi asiwe mtu unayempa kitu, maana zawadi yake yaweza kubatilika. Wasia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili hufaa pia, lakini ukiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema, hauna nguvu tena. Ukioa au kuolewa baada ya kuandika, andika upya, kwa kuwa ndoa huufuta wasia wa zamani, isipokuwa ule ulioandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo.

Mwisho, mifugo uliyowaachia marafiki walio mbali, na ile uliyokopa kwao, iandike yote: ngamia wa rangi gani, yuko kwa nani, tangu ukame upi.