Vita Havikumfungia Shule

Wengi tuna jamaa waliofuata mizigo Guangzhou, kwenye jengo la Tianxiu, barabara ya Huanshi Zhonglu. Kanuni za biashara kati ya nchi na nchi husimamiwa na Shirika la Biashara Duniani. Tangu 2021 linaongozwa na Mama Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria.

Vita vya Biafra, 1967 hadi 1970, vilimkatizia masomo akiwa binti mdogo. Alirudi darasani, na mwaka 1981 akapata udaktari wa uchumi Marekani. Akawa waziri wa fedha. Serikali yake ikawapa vijana mitaji ya biashara.

Binti yako amebaki nyuma? Usimtoe shule akatafute kazi. Njoo naye ofisini, tuzungumze.