MAZUNGUMZO KUHUSU KAZI YA MHANDISI WA MATENGENEZO HOSPITALINI



Wakaazi wengi wa Unguja hawajasahau mwaka 2008, pale umeme utokao Bara ulipokatika kwa karibu mwezi mzima, wala kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo kisiwa kilikaa miezi mitatu bila ya umeme huo. Waya mpya wa chini ya bahari, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Hata hivyo, hospitali haina ruhusa ya kusahau.

Jenereta ya hospitali kwa kawaida huwekwa ili ishike nafasi kwa saa chache. Ikilazimika kwenda usiku na mchana, hesabu hubadilika. Jenereta nyingi za dizeli hutakiwa kubadilishwa oili na chujio kila baada ya saa 250 hivi, yaani siku 10 na kidogo. Kwa miezi mitatu hiyo ni zaidi ya mara 8, na kila mara mashine lazima izimwe. Hapo ndipo mhandisi anapokwenda kwa daktari wa upasuaji na kwa muuguzi mkuu kuomba saa moja. Nani yuko mezani? Kuna mtoto njiti anayetegemea joto la mashine? Mitungi ya oksijeni iliyojaa ni mingapi? Bila ya majawabu hayo hagusi swichi. Penye jenereta mbili, shida hii huondoka. Ya pili si anasa, ijapokuwa katika makisio ya fedha mara nyingi huonekana hivyo.

Siku za amani kazi yake haionekani. Jenereta hushindwa kuwaka khasa kwa sababu ya betri iliyokufa, jambo dogo lisilostahiki kumgharimu mtu roho. Kwa hiyo huiwasha kila wiki, na mara kwa mara huibebesha mzigo halisi, kwani dizeli iendayo bila ya mzigo hujaa masizi. Hewa ya chumvi hula viungio vya nyaya, naye huvisafisha. Hutazama friji za chanjo, zitakiwazo kubaki baina ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi: joto huziharibu chanjo, na baadhi yao huharibiwa pia na kuganda.

Wafanyakazi wa wodini wanaombwa mambo mawili. Birika na pasi zisichomekwe katika soketi za dharura, maana mzigo huo huibiwa chumba cha upasuaji. Na hitilafu yoyote, hata mlio mgeni tu, iandikwe katika daftari siku ile ile, pamoja na saa iliyosikika. Fundi wa zamu ya usiku hana njia nyengine ya kujua kilichotokea mchana.