Kufuata Nyayo za Kirusi Hospitalini

(Hotuba iliyotolewa shuleni kwetu, Chemba, siku ya kukutana kwa waliosoma hapa)



Nimeombwa nizungumzie kazi ya maabara. Nitaanza na kosa tulilolijua sote hapa: kunakili. Mmoja akiandika "mzizi" mahali pa "mzazi", na wenzake watatu wakaandika vivyo hivyo, mwalimu hakuhitaji shahidi. Kosa lenyewe lilimwonyesha nani kachungulia daftari la nani.

Kirusi nacho hujinakili. Kirusi cha Marburg kina maandishi ya kurithi yenye herufi zipatazo 19,000. Kinapojinakili, mara nyingine herufi moja hukosewa, na kosa hilo hurithiwa na nakala zinazofuata. Tukizisoma herufi hizo kutoka kwa wagonjwa mbalimbali na kuzilinganisha, twaweza kutambua ni virusi gani vya ukoo mmoja.

Jirani zetu wa Rwanda walifanya hivyo. Tarehe 27 Septemba 2024 walitangaza mlipuko wa Marburg. Waliougua walikuwa 66, wakafa 15. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watumishi wa afya, hasa wa hospitali mbili za Kigali. Je, kirusi kilikuwa kikiingia mara kwa mara kutoka kwa wanyama, au kiliingia mara moja kikazunguka wodini? Herufi zilijibu: virusi vya wagonjwa vilifanana mno, dalili kwamba kiliingia mara moja. Mgonjwa wa kwanza alihusishwa na mgodi wenye popo walao matunda. Baada ya hapo ilikuwa mtu kwa mtu. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 20 Desemba 2024.

Lakini msidhani mashine hujua yote. Virusi vikifanana mno, herufi peke yake hazisemi nani alimwambukiza nani. Hapo hurudi kwenye daftari la wodi: nani alilala wapi, nani alikuwa zamu.

Sisi wa Chemba twajua thamani ya kupima. Mwaka 2016 ugonjwa usiojulikana uliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wilaya yetu ikiwamo. Uchunguzi ndio ulioonyesha kuwa ni sumukuvu katika mahindi.

Nina deni katika jambo hili. Zamani, katika hospitali moja niliyofanya kazi, wagonjwa waliambukizana wodini. Kipimo hatukuwa nacho, ila maneno tulikuwa nayo. Lawama ikamwangukia muuguzi mmoja kijana, naye akaacha kazi. Nami nilikuwa miongoni mwa walionong'ona. Kama alikosa au hakukosa, hakuna aliyepima.

Vijana, someni baiolojia na hesabu. Na siku mtakapokabidhiwa daftari la wodi, liandikeni kwa uaminifu, maana huenda likaokoa jina la mtu.