Tusimtenge Mtoto Mwenye Ukurutu

(Haya ni maelezo yaliyotolewa katika semina ya walimu na watumishi wa umma.)



Nitasema machache juu ya maradhi ambayo hayazungumzwi sana, kwa sababu ni nadra kuua, lakini humnyima mtoto usingizi usiku na kumwondolea heshima yake mchana darasani. Maradhi hayo ni ukurutu, ambao wengi wetu huuita pumu ya ngozi.

Hatuna budi kukubaliana kwanza juu ya jambo moja: ukurutu hauambukizi. Haupatikani kwa kushikana mikono, kukalia dawati moja wala kunywea kikombe kimoja. Ngozi ni ukuta wa mwili. Ngozi ya mwenye ukurutu ni ukuta wenye nyufa. Unyevu hutoka, na vumbi, sabuni na vijidudu hupenya. Mwaka 2006 wataalamu walionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa hurithi upungufu wa protini iitwayo filagrini, inayosaidia kuuimarisha ukuta huo. Kwa hiyo mwalimu anayemkalisha mtoto peke yake nyuma ya darasa, au kumrudisha nyumbani mpaka apone, anamwadhibu kwa jambo alilozaliwa nalo.

Hata hivyo, yatupasa kutofautisha. Upele huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, na mara nyingi huwapata watu kadhaa wa nyumba moja. Choa huwa na umbo la duara lenye ukingo ulioinuka. Hayo mawili huambukiza na yana dawa zake. Ukurutu hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, huja na kuondoka, na kwenye ngozi nyeusi hauonekani mwekundu sana, bali huwa mweusi zaidi au wa kijivu, wenye vipele vidogo na mikwaruzo.

Sasa tufanye nini nyumbani? Mtoto aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu, kwa dakika 5 hadi 10, kwa sabuni isiyo kali wala manukato. Asisuguliwe kwa dodoki. Akaushwe kwa kugusishwa taulo polepole, na papo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu, apakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Yapakwe mengi, mara mbili kwa siku au zaidi, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzima. Kucha zikatwe ziwe fupi. Nguo zisuuzwe vizuri zisibaki na sabuni. Anapowashwa sana, kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji ya baridi humtuliza kuliko kucha zake. Tahadhari moja: nguo na shuka zilizolowa mafuta hayo hushika moto upesi. Kibatari, jiko na dawa ya mbu ya kuchoma viwekwe mbali.

Ndugu zangu, yapo pia mambo ya kuacha. Tusipake ndimu, mafuta ya taa, majivu wala dawa ya kusafishia vidonda. Vyote hivyo huiunguza ngozi ambayo tayari imejeruhiwa. Tusimnyime mtoto mayai, maziwa na samaki kwa kudhani tu. Anaweza kudhoofu bure. Zaidi ya yote, tuogope krimu za sokoni zinazouzwa bila cheti cha daktari, na ule mkorogo unaoahidi weupe. Nyingi kati ya hizo zina steroidi kali. Siku chache za kwanza mzazi hufurahi. Baadaye ngozi huwa nyembamba, huchanika michirizi, na ukurutu hurudi kwa nguvu. Lakini tusiikatae steroidi anayotoa mganga hospitalini. Haidrokotizoni isiyo kali, ikipakwa kidogo kwa siku alizoagiza, ni dawa salama na yenye msaada mkubwa. Dawa ni ile ile moja kwa jina la ukoo. Tofauti ni nguvu yake, kipimo chake na uangalizi.

Ngozi ikitoa usaha au magamba ya rangi ya asali, mtoto akipata homa, au yakitokea malengelenge mengi yenye maumivu, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Elimu hiyo ipo nchini mwetu. Chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992 kimekuwa kikiwafundisha waganga wetu na wa nchi jirani.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilionyesha kuwa wananchi, wakielezwa sababu ya jambo, hubadili wenyewe mazoea ya nyumbani. Nawaombeni basi, ndugu walimu, mambo matatu. Mwenye ukurutu aruhusiwe kuvaa shati la pamba badala ya sweta la sufu linalomkera. Aruhusiwe kukaa mahali penye hewa, mbali na jua na vumbi la chaki. Na darasa zima lielezwe, kwa sauti ya mwalimu mwenyewe, kwamba mwenzao haambukizi mtu. Neno hilo halihitaji fungu la bajeti, wala hakuna mganga anayeweza kulisema darasani kwa niaba yenu.