Haki Siyo Ruhusa: Mada Niliyotoa kwa Vijana wa Mikese

 

Nimepewa mada ya namna Katiba inavyolinda haki za raia. Mada ni kubwa na muda ni mdogo, kwa hiyo nitashika haki moja tu: haki ya kukutana. Nimeichagua kwa sababu nawasikia vijana wenzangu wakisema, "Mama alituruhusu mikutano 2023." Jamani, haki siyo ruhusa.

Twende taratibu. Katiba ya 1977 ilipoanza haikuwa na sura ya haki ambazo raia anaweza kuzidai mahakamani. Ziliingizwa mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzitumia 1988. Ibara ya 20 inampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa hiari na kwa amani. Kila mtu, siyo wa chama fulani tu.

Lakini maandishi hayajitetei. Vyama vingi viliporudi 1992, mkutano bado ulihitaji kibali. Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye alikuja kufariki kwa ajali Oktoba 2015 kwenye barabara hii hii yetu, upande wa Chalinze, akaenda Mahakama Kuu Dodoma. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akaamua kwamba sharti la kibali linavunja Ibara ya 20. Sheria ikabadilishwa. Tangu hapo chama hakiombi, kinatoa taarifa polisi saa 48 kabla.

Sasa, Juni 2016 mikutano ya hadhara ikazuiwa nchi nzima, hadi Januari 2023. Niambieni, katika miaka hiyo Ibara ya 20 ilifutwa lini? Haikufutwa hata siku moja. Ni kweli haki ina mipaka, na Ibara ya 30 inataja usalama wa umma. Polisi nao wana uwezo kisheria wa kuzuia mkutano wenye hatari. Lakini huo ni mkutano fulani, mahali fulani, kwa sababu fulani. Na mwaka 1993, kwenye kesi ya Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilishasema sheria inayobana haki isiwe ya kionevu wala isibane kuliko inavyohitajika. Ukisema "tumeruhusiwa", umekubali kwamba aliyetoa anaweza kuchukua tena kesho.

Kuna upande mwingine wa kesi ya Mtikila, na huu unauma. Jaji alikubali pia mgombea binafsi. Bunge likabadilisha Katiba kuufunga huo mlango, na Bunge lenyewe lilikuwa limechaguliwa 1990, enzi za chama kimoja. Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema mwaka 2013 kwamba haki imevunjwa. Mpaka leo mlango haujafunguliwa. Ndiyo maana tunadai Katiba mpya: hii tuliyonayo, wenye wingi bungeni wanaweza kuinyofoa haki uliyoshinda mahakamani. Kura ya maoni tuliyoahidiwa Aprili 2015 haikufanyika.

Tukiwa tunaidai mpya, tuitumie iliyopo. Hapa naomba mwandike.

Moja, taarifa ya mkutano iwe barua, nakala mbili. Ya kwenu igongwe mhuri, iwe na tarehe na saa ya kupokelewa.

Mbili, wakizuia, ombeni sababu kwa maandishi. Msigombane na askari wa zamu, yeye katumwa tu.

Tatu, tunzeni kila karatasi. Ibara ya 30 inamruhusu anayeona haki yake imevunjwa kwenda Mahakama Kuu, na siku hizi ipo hapo Morogoro mjini. Ila mwaka 2020 sheria ilibadilishwa, ikamtaka aonyeshe kwa kiapo namna yeye mwenyewe alivyoathirika. Huwezi kwenda na maneno ya "tulizuiwa zuiwa". Nani alizuiwa, lini, na nani? Barua ile yenye mhuri ndiyo itakayojibu.

Katibu wa tawi, faili la barua hizo likae kwako, na nakala nyingine kwa mtu mwingine.

Nimemaliza. Maswali karibuni, na anayeona aibu kuuliza mbele za watu anifuate pembeni.