Maji ya Safari: Tubebe Yetu, Tupunguze Chupa za Kutupa

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo tunataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho hakiandikwi katika bajeti ya safari: maji ya kunywa njiani.

Vikundi vyetu vinasafiri. Tunakwenda kuona miradi ya wenzetu, tunakwenda maonyesho ya kilimo, na wengine wanakwenda Namugongo kule Uganda kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Tunaandika nauli, chakula na mahali pa kulala. Maji kila mtu anajitafutia. Basi gari likisimama steji, wachuuzi wanakuja dirishani na chupa. Aliye na pesa ananunua. Asiye na pesa ananyamaza na kiu yake, au anashuka kunywa kwa mfereji wowote anaouona. Hapo kikundi kimeshagawanyika, na hakuna aliyesema neno.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme tuko watu 30, na kila mmoja ananunua chupa 2 za nusu lita akienda na 2 akirudi. Tuseme chupa moja ni shilingi 50. Hizo ni chupa 120 na shilingi 6,000, kwa safari moja tu. Je, pesa hizo zingefanya nini katika mradi wetu wa kuku?

Na hizo chupa 120 zinakwenda wapi? Nyingine zinatupwa dirishani, zinaziba mitaro, na mvua ikinyesha zinapelekwa mpaka mtoni. Nyingine zinachomwa, na moshi wake unadhuru kifua. Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Inakatika tu vipande vidogo vidogo na kubaki katika udongo na maji. Nyingine zinarudi nyumbani, zinatiwa mafuta ya taa au dawa ya ng'ombe. Mtoto akiona chupa ya maji anaamini ndani ni maji. Hatari hiyo hatuhitaji kuieleza zaidi.

Tena kuna sheria. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Kuanzia tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja, pamoja na chupa za maji za namna hiyo, zilikatazwa katika mbuga za wanyama, misitu na fuo za bahari zinazohifadhiwa. Kwa hiyo kikundi kinachopeleka watoto kuona wanyama Ziwa Nakuru kijue mapema, kisije kikasumbuka getini.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, maji yatoke nyumbani. Zile chupa 120 ni lita 60 tu, yaani mitungi 3 ya lita 20. Inaingia garini bila shida. Kila mtu abebe kikombe au chupa yake ya kudumu. Maji yachemshwe mpaka yatokote sana kwa dakika moja; kwa wale wa sehemu za juu kama Limuru na Molo, dakika 3. Au tutumie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, tungoje nusu saa kabla ya kunywa. Mitungi iwe ile ya maji peke yake, isiwe iliyowahi kutiwa mafuta au dawa ya shamba.

Pili, kwa safari ya siku nyingi, maji ya nyumbani yataisha. Hapo ndipo chupa yenye chujio inasaidia. Unateka maji, unafunga, na maji yanapita katika chujio unapokunywa au unapokamua chupa. Chujio la aina nyingi limetengenezwa kwa nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati kama mrija. Kuta zake zina vitundu vya kiasi cha mikroni 0.2. Ukigawa milimita moja mara 5,000, sehemu moja ndiyo hiyo. Maji yanapita, lakini vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na amiba vinazuiwa, kwa sababu ni vikubwa kuliko vitundu hivyo.

Lakini tusidanganyane. Chujio la namna hii haliondoi kila kitu. Virusi, kama vile vya homa ya manjano ya ini aina ya A, ni vidogo sana na vinaweza kupita. Mahali penye watu wengi na vyoo vichache, ongezeni klorini au chemsheni. Pia haliondoi chumvi, dawa za shambani, wala ile floraidi inayotia meno rangi ya kahawia kwa wenzetu wa Nakuru na Naivasha. Na floraidi hata kuchemsha hakuiondoi. Maji ya namna hiyo tafuteni mahali pengine.

Tatu, chombo kitunzwe. Maji ya matope yaacheni yatulie, kisha yapitisheni kwa kitambaa safi kabla ya kuyatia ndani. Mdomo wa chupa usiguse maji machafu. Chujio lisafishwe kama mtengenezaji alivyoagiza. Likipasuka, msiliamini tena.

Tunajua mtauliza bei. Ni kweli, chupa hiyo ni ghali kuliko ile ya dirishani, na mara nyingi nayo ni plastiki. Faida yake iko katika kutumika miaka mingi. Hatusemi kila mwanachama anunue. Kikundi kina viti na sufuria ambazo wanachama wanaazima kwa zamu. Chupa 2 au 3 zinaweza kuwekwa hivyo hivyo. Chagueni aina ya kukamua, ili maji yamiminwe kikombeni na watu wasipokezane mdomo. Kabla ya kulipa, ulizeni chujio litasafisha lita ngapi, na kama la kubadilisha linapatikana.

Mkirudi nyumbani, zungumzeni juu ya maswali haya, na katibu aandike mtakayoamua:

1. Katika safari yetu ya mwisho, nani alikosa maji, na tulijua?
2. Tulitumia pesa ngapi kwa chupa, na ziko wapi sasa?
3. Safari ijayo, nani atachemsha maji, nani ataleta mitungi, na bajeti itasemaje?